Kiunzi cha Mama

Kazi yangu ni kuandika majina ya vitu. Niko ofisi ya mizigo katika uwanja wa ndege wa Juba, mwaka wa tisa sasa, na kila sanduku linaloshuka kutoka Nairobi au Entebbe huja na karatasi yenye nafasi ya kueleza kilichomo. Vitunguu. Vipuri vya jenereta. Chanjo za kuwekwa kwenye baridi. Mara mbili tatu kwa mwezi nafasi hiyo husema mwili wa marehemu, na siku hizo tunazima redio, na mwenzetu anayeendesha folklifti huvua kofia yake hata jua likiwa linaunguza. Mara chache zaidi huja sanduku fupi, unaloweza kulibeba na mtu mmoja tu wa kukusaidia, na hapo walioandika karatasi huonekana walipata shida. Nimeona "mabaki". Nimeona "mifupa ya binadamu". Nimeona "vitu vya familia". Mmoja aliandika "mzee wetu", basi, na meneja akanituma nikamweleze mwenye mzigo kwamba mzee wetu si aina ya mzigo.

Nilienda nikamweleza. Nilitumia sauti ya upole, lakini nilimweleza, akafuta, akaandika upya huku mimi nimesimama pale nikimshikia kalamu nyingine kwa sababu ya kwake ilikuwa inakatakata wino.

Kwa hiyo simu ya kutoka Kitale ilipokuja, mimi sikuwa mgeni wa mambo haya. Nilijua karatasi zote zinazohitajika, nilijua mpangilio wake, nilijua hata watu wa kuwapigia. Hilo ndilo linaloniuma nikikumbuka.

Mama alifia Kitale, upande wa Kenya, nikiwa na miaka kumi na sita. Tulikuwa tumetoka kambi ya wakimbizi tukajitafutia maisha mjini. Baba alikuwa fundi cherehani kwenye baraza ya duka la mtu, na tulikodi chumba kwa mzee mmoja mwenye shamba la mahindi. Ugonjwa wa Mama ulichukua miezi saba. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye mikono ya kukanda unga, na miezi ile saba ilimmaliza mbele ya macho yetu hadi mabega yake yakawa yanachomoza chini ya kanga kama henga ya kuanikia nguo.

Majirani walikuwa na maneno mengi ya kusema hali yake, na sidhani walikuwa na nia mbaya. Amekuwa kimbaombao. Amebaki ngozi na mifupa. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa kwanza wa Kiswahili darasani, mkimbizi anayewashinda wenyeji, na nilikuwa najivunia jambo hilo. Siku moja mwalimu aliandika ubaoni neno "gofu", akataka tuseme maana zake na tutunge sentensi. Mmoja akasema gofu ni nyumba iliyobomoka ikabaki kuta. Mwalimu akasema vizuri, na maana nyingine? Msichana tuliyekaa naye ploti moja akanyanyua mkono, akasema, kwa sauti ya mtu anayejua jibu, kwamba mama yangu amekuwa gofu la mtu.

Mwalimu akasema, "Sahihi." Lilimtoka kabla hajafikiri. Kisha akanitazama, akageukia ubao akaufuta wote, na zile maana nyingine ambazo hatukuwa tumeandika nazo zikafutwa.

Mama alipokufa, mzee mwenye shamba alitupa nafasi kwenye kona, kando ya ua wa matete. Chifu aliandika barua ya kuruhusu maziko. Cheti cha kifo hatukuchukua. Hatukujua kwamba kinachukuliwa, na karatasi pekee yenye jina la Mama ilikuwa kadi ya chakula ya kambini, ambayo jina lenyewe lilikuwa limekosewa.

Baadaye nchi ilipopata uhuru mimi na Baba tulirudi, tukaja kukaa Juba, mtaa wa Hai Malakal, kwenye kiwanja chenye nyumba moja ya bati na tukuli moja, kibanda cha udongo chenye paa la nyasi, ambayo Baba aliichagua kwa sababu ina ubaridi. Mdogo wangu wa kiume alibaki Kitale. Alikuwa na miaka sita Mama alipofariki. Ni fundi wa kupaka magari rangi, ana mke Mkenya na watoto watatu, na lugha yetu ya nyumbani haijui zaidi ya salamu. Baba na mwanawe huyo wanazungumza Kiswahili, lakini kila mmoja chake. Cha mdogo wangu ni cha gereji ya Kitale. Cha Baba alikiokota Uganda ujanani, kwenye kiwanda cha pamba, na hakijawahi kujali ngeli. Kila kitu kwa Baba kiko "iko".

Mwaka juzi, mvua zikianza, mdogo wangu alinipigia nikiwa kazini. Mzee mwenye shamba alishakufa, wanawe wameuza, na aliyenunua anataka kujenga nyumba za kukodisha. Kaburi la Mama liko mahali panapotakiwa kuchimbwa msingi. Mnunuzi si mtu mbaya, alisema, amekuja mwenyewe gereji, ameomba radhi, lakini linahamishwa mwezi huohuo.

Nilimwambia Baba jioni, amekaa mlangoni kwa tukuli yake akisafisha redio kwa kitambaa. Nilidhani atahuzunika. Alifurahi. Alisimama, akaniambia kwa lugha yetu kwamba basi Mama anakuja, na akaanza kutembea kiwanjani akiangalia chini, upande wa ukuta, kisha upande wa mwarobaini, kama mtu anayetafuta mahali pa kuweka kitanda. Sikumkatiza. Mjini hapa huwezi kumzika mtu uani hivihivi, na kijijini kwetu hakufikiki kwa ubovu wa barabara. Lakini nilifikiri tukishampata, mengine yatajipanga.

Nilianza kushughulikia. Ili sanduku lipakiwe Nairobi ilitakiwa amri ya mahakama ya kufukua, cheti cha afya, sanduku lililozibwa bati kwa ndani, na barua ya huku Juba ya kumpokea. Barua ya Juba niliipata kwa siku tatu, nikaona nimeweza. Kumbe ili mahakama itoe amri ya kumhamishia Mama nchi nyingine ilihitaji cheti cha kifo, na ili kitolewe cheti cha mtu aliyekufa miaka mingi iliyopita ilihitaji barua ya chifu, na chifu yule alishastaafu, na nakala ya barua yake haikuonekana. Mdogo wangu alienda ofisi hiyo mara nne. Mara ya nne walimwambia alete chochote chenye jina la marehemu. Nikapiga picha kadi ya chakula, nikamtumia. Wakasema jina hili si lile aliloandika kwenye fomu.

Wakati huo wakili wa mnunuzi alikuwa na njia yake fupi. Yeye aliomba amri ya kuhamisha kaburi kutoka shambani hadi makaburi ya umma ya mji uleule, na kwa hilo ushahidi wa familia na majirani ulitosha. Kilichobaki kilikuwa kauli ya mume wa marehemu. Karani wa wakili akanipigia, kijana mwenye adabu, akaomba azungumze na mzee.

Nilichukua boda nikarudi nyumbani mchana, nikaweka simu kwenye spika juu ya kigoda. Karani akamsalimia Baba shikamoo, akampa pole kwa msiba ambao ulikuwa na umri mkubwa kuliko yeye mwenyewe, halafu akasoma: "Mzee, unakubali mifupa ya marehemu mkeo ihamishwe?"

Baba alifikiri kwanza. "Mimi hapana iko na mifupa," akasema. "Mimi iko na bibi."

Karani akadhani hakueleweka. Akarudia. Baba naye akarudia vilevile, bila hasira. Nikaingilia kati, nikamweleza karani kwamba Baba anaelewa vizuri sana, ila neno hilo halitaki. Karani akasema si neno, basi tuseme mabaki. Baba akaniuliza kwa lugha yetu mabaki ni nini. Nikamwambia ni kilichosalia baada ya kitu kwisha. Akauliza kama ndiyo yaleyale ya sahani, yanayomwagiwa kuku. Nikasema ndiyo, neno ni hilohilo, lakini watu wanalitumia pia kwa heshima. Akatikisa kichwa.

Sijui nilipata wapi lile la kiunzi. Labda ni ile tabia ya zamani ya kuwa mwanafunzi wa kwanza. Nilimwambia Baba kuna neno jingine, kiunzi, na kwamba watu wanasema kiunzi cha nyumba, ile miti inayosimamishwa kabla ya kukandikwa udongo, na kiunzi cha mashua, na kiunzi cha mtu. Sikumwambia juu ya gofu. Baba akageuka akatazama tukuli yake, miti yake inavyoonekana pale udongo ulipodondoka. Akauliza kama kiunzi ni kizima. Nikamwambia kiunzi ni kizima. Kikikatika huwezi tena kukiita kiunzi.

"Andika hiyo," akaiambia simu. "Kiunzi ya bibi yangu. Mimi nakubali inatoka kwa shamba ya mtu. Lakini inakuja hapa."

Karani akaniambia mimi, si Baba, kwamba amri haisemi Juba, inasema makaburi ya mji, na kwamba angependa kutusaidia lakini hakimu hawezi kuandika asichoombwa. Na tena, akasema, samahani dada, karatasi yenyewe inaandikwa kwa Kiingereza. Neno lolote tutakalochagua litaandikwa kwa neno moja la huko.

Nilimtafsiria Baba nusu ya kwanza. Nilimwambia Mama ataanza kuhamishwa hapo mjini, kisha tukipata cheti tutaomba upya aletwe. Nilikuwa nimeshauliza. Nilijua kwamba kumfukua mtu mara ya pili ni jambo ambalo kila ofisi ingetutazama vibaya. Hata hivyo nilimwambia hivyo. Akakubali, akaweka kidole gumba kwenye wino na kwenye karatasi niliyokuwa nimeichapa ofisini, nikaipiga picha nikaituma.

Siku iliyopangwa ilikuwa Alhamisi. Niliomba ruhusa kazini, nikapata kiti cha ndege ya Jumatano asubuhi kwenda Nairobi, na usiku ningepanda basi hadi Kitale. Baba alinipa shuka. Ilikuwa mpya, nyeupe, aliinunua yeye mwenyewe soko la Konyokonyo akishindana na muuzaji kwa Kiarabu cha Juba, na aliishona ukingo kwa mkono kwa sababu cherehani yake ilibaki Kenya. Akasema Mama afunikwe kwa hiyo, miguu kwanza.

Jumanne saa nne asubuhi ndege ya mizigo ilikuwa imeshuka na sisi tuko nje tunahesabu makasha, nikasikia simu inatetema mfukoni. Ni mdogo wangu. Nyuma yake kulikuwa na mlio wa trekta.

"Dada, wameanza," akasema. "Afisa wa afya wa Alhamisi amepata safari, wakasema ni leo. Mimi nimeambiwa na jirani. Nimefika wamekwisha chimba."

Nilimwambia awasimamishe. Nilikuwa nimesimama kwenye lami ya uwanja wa ndege wa Juba, na karatasi ya makasha mkononi, namwambia mtu aliyeko Kitale asimamishe trekta. Akasema, "Nawasimamisha vipi na kaburi liko wazi?" Nikasema wangoje hadi Alhamisi, mimi nakuja. Alienda kuuliza, nilisikia sauti za watu, wala si sauti za ukali, kisha akarudi. Walikuwa wamesema mvua inakuja, na afisa ana saa moja tu.

Nikamuuliza wamepata nini.

Nikamuuliza tena, na nilitumia neno lile, nilisema, wamepata kiunzi? Akasema, "Hakuna kiunzi, dada. Udongo wa pale ni wa maji. Kuna fuvu, lina upande mmoja. Kuna ya miguu. Na vipande. Afisa anasema vingine ni mizizi, hajui, ameviweka vyote." Vilikuwa kwenye gunia jipya la nailoni, akasema, na sanduku alilonunua mnunuzi lilikuwa dogo, la mbao, limepakwa vanishi vizuri.

Mwenzangu wa folklifti alichukua karatasi mkononi mwangu akaendelea kuhesabu. Sikuwa nimemwambia kitu. Nilisikiliza hadi mwisho. Hawakuwa na shuka. Mdogo wangu alivua koti lake la gereji, akalitandika ndani ya sanduku, lina rangi za magari, na hapo ndipo akaanza kulia, mtu mzima, na mimi nikamwambia malesh, malesh, kama wanavyoambiwa watoto hapa mjini wakijikwaa.

Saa tisa alasiri yote ilikuwa imekwisha.

Nilifika nyumbani saa kumi. Baba alikuwa amejua kwamba kuna jambo kwa sababu nilikuja mapema. Nilimweleza kwa lugha yetu kwamba wamewahi, kwamba Mama ameshapumzishwa makaburi ya mji, mwanawe alikuwepo, na mchungaji alipita. Mchungaji kweli alipita. Baba alisikiliza huku akishika magoti yake. Halafu akaomba azungumze na mwanawe.

Nilipiga, nikaweka spika. Walisalimiana. Kisha Baba akauliza, kwa kile Kiswahili chake cha pamba, swali ambalo nilikuwa nimeomba njia nzima kwenye boda lisiulizwe.

"Yeye iko yote?"

Nilikuwa namwona mdogo wangu bila kumwona. Ningeweza kuingilia kati, nikasema mtandao ni mbaya, na sikuingilia.

"Iko yote, Baba," mdogo wangu akasema.

"Kichwa?"

"Iko."

"Mikono?"

"Mikono iko, Baba. Yote iko."

Hakuwa amewahi kusema Kiswahili hicho maishani mwake. Wakati wote huwa anamsahihisha Baba kwa mzaha, anamwambia, Mzee, kichwa kiko, si iko. Siku ile alimjibu kwa maneno ya Baba mwenyewe, moja baada ya jingine, hadi Baba alipomaliza kuhesabu mwili mzima, mbavu, miguu, na kidole cha mguu wa kushoto ambacho Mama alikuwa amekatwa na jembe tangu usichana, jambo ambalo mdogo wangu hakulijua, naye akasema iko. Sidhani nilikosea nilichokiona usoni pa Baba. Lakini alimshukuru mwanawe, akamwombea heri, akaniambia nikate simu.

Tangu siku hiyo Baba hakula vizuri. Alikuwa mwembamba siku zote. Sasa wanawake wa kiwanja cha pili wakipita wanamtania, adum sakit, mifupa tu, na yeye huwacheka, anawajibu kwamba nyama aliiacha Uganda. Nilimpeleka kliniki. Daktari alipima sukari, malaria, kifua, akasema hana kitu. Aliandika vitamini. Nampikia asida laini na mchuzi wa bamia, anakula vijiko vitano, anasema ameshiba, na mimi nakaa na kijiko cha sita hewani. Nimejaribu kumlazimisha, nimejaribu kumbembeleza, kuna siku nilimfokea nikatoka nje kwa aibu. Cheti cha kifo bado tunakifuatilia. Mwaka jana mdogo wangu aliambiwa faili limeonekana, kisha akaambiwa ni la mtu mwingine.

Mwezi wa Disemba nilipata likizo nikaenda. Makaburi ya mji yako mteremkoni, nyasi ndefu, na kila kaburi lisilojengewa lina kibati chenye namba kwenye nondo. Mdogo wangu alinipeleka hadi kwenye namba yetu. Familia nyingine ilikuwa inazika hatua chache kutoka pale, wakaimba, ikabidi tusimame kwa heshima mpaka wamalize, na walipomaliza mmoja wao akaja akatupa mkono wa pole akidhani tuko nao. Nilitandaza ile shuka nyeupe juu ya udongo. Upepo ukaikunja. Tukaweka mawe pembeni, tukaondoka tukijua haitafika jioni.

Nilirudi Juba na picha kwenye simu. Baba aliitazama kwa muda mrefu, kibati, nyasi, shuka. Akauliza kichwa kiko upande gani, maana angependa kujua anapoomba ageukie wapi. Nikamwambia sijui, nitamuuliza mwanao.

Nilimuuliza siku hiyohiyo kwa ujumbe. Alijibu baada ya saa nzima. Aliandika kwamba sanduku lilikuwa la mraba na koti lilifunika kila kitu, na wakati wa kulishusha waliligeuza mara mbili kwa sababu kamba moja ilikatika, kwa hiyo hata yeye hajui.

Baba ameniuliza tena mara mbili tangu hapo. Namwambia mtandao wa Kitale unasumbua.